Mwandishi wa Sindeni Hakosi Mwalimu

Nani aliyesema mwandishi wa habari wa Sindeni hajui kuandika? Neno hilo limesemwa mara nyingi, na watu wengi, hata sasa hakuna anayedai ushahidi. Kaa katika semina yoyote ya wanahabari, iwe Tanga mjini au Dodoma, utalisikia: vyombo vyetu ni dhaifu kwa sababu waandishi hawajasoma, na kwa kuwa demokrasia yetu bado changa, waje wenye demokrasia kongwe watufundishe. Huko ng'ambo imani hiyo hiyo inawafikia vijana wa vyuo vikuu, nao kwa moyo mweupe wanachangisha fedha za nauli, chanjo na malazi ili waje kufundisha uandishi wa habari Afrika kwa wiki kadhaa. Mtu ambaye kwao bado ni mwanafunzi, akishuka kwenye ndege anaitwa mkufunzi.

Naikataa imani hiyo. Naikataa kwa sababu ni uongo, na kwa sababu kila tunapoikubali tunawapa nafuu wale wanaomkwamisha mwandishi kweli.

Twende Sindeni, kata ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, kwenye barabara ya kutoka Korogwe. Mkutano wa kijiji umeitishwa. Mtendaji anasoma taarifa ya mapato na matumizi harakaharaka, macho yote kwenye karatasi. Mama mmoja anasimama kuuliza michango ya darasa imekwenda wapi. Anaanza kwa Kiswahili, hasira zikimpanda anamalizia kwa Kizigua. Mwandishi amekaa benchi la nyuma, daftari gotini, simu inarekodi. Ameandika tarakimu zote zilizosomwa, amezijumlisha, hazifiki jumla iliyotajwa. Mkutano ukivunjika anamwendea mtendaji na kuomba kuiona ile karatasi. Anajibiwa akaombe kibali kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kesho yake anakwenda Handeni mjini kwa fedha yake mwenyewe, anaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, arudi wiki ijayo. Akirudi, na akibahatika, habari itatoka aya mbili ukurasa wa ndani, au itasomwa redioni kwa nusu dakika. Malipo yake, yakija, hayarudishi nauli.

Mtu huyu alikwama wapi? Kuuliza aliuliza. Kujumlisha alijumlisha. Lugha zote mbili za mkutano ule anazijua tangu utotoni. Naomba niambiwe mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Leeds au Ohio angemwongezea nini pale kwenye benchi.

Na ni mkoa wa Tanga unaoambiwa hivyo! Gazeti la Habari za Mwezi lilitoka Magila, Muheza, tangu miaka ya 1890. Kiongozi lilianza Tanga mjini mwaka 1904, likajazwa na barua za walimu na makarani kutoka pembe nyingi za koloni: mavuno, simba waliovamia vijiji, safari, misiba. Mitambo ilikuwa ya wamisionari na ya Wajerumani, lakini waliotazama, wakauliza na kuandika walikuwa watu wa hapa. Hawakuweza kumsema bwana mkubwa kwa sababu gazeti lilikuwa la bwana mkubwa mwenyewe. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1958, Julius Nyerere, mwenye shahada ya Edinburgh, alitiwa hatiani kwa aliyoyaandika katika jarida la Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya, na mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa jela. Walijua kuandika, na ndiyo maana walishtakiwa.

Lakini si lazima kurudi nyuma kiasi hicho. Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia Msomera, katika kata ya Misima, wilaya hii hii ya Handeni, wafugaji wa Kimaasai kutoka Ngorongoro. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, na juu yake ekari tano za shamba. Handeni haikuwa imepata habari kubwa namna hiyo kwa miaka mingi. Iliandikwaje? Wanahabari wengi walifika kwa misafara ya viongozi. Walishushwa, wakaonyeshwa nyumba, mabomba na shule, wakarekodi shukrani za waliofika, wakapanda magari kurudi walikotoka. Vyombo vya nje navyo viliikazia macho Ngorongoro, mahali watu walikotolewa, na Msomera ikatajwa kama jina la kituo cha mwisho.

Kati ya hao wote waliachwa watu waliokuwapo Msomera kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, wafugaji na wakulima walioona ardhi waliyokuwa wakiilima na kuichungia ikipimwa na kugawiwa wengine. Walilalamika, na malalamiko yao yalisikika kwa tabu. Habari yao ilihitaji mtu wa kwenda Msomera bila msafara, akarudi mwezi uliofuata, akarudi tena kiangazi, akauliza maswali ya kawaida kabisa: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, malisho yanatosha ng'ombe wa nani, zile ekari tano ziko wapi, na kabla ya kupimwa zilikuwa za nani. Mtu huyo yupo. Anaishi Misima, Sindeni, Mkata, Kabuku. Anafahamu ni mzee gani wa kumwona kwanza. Alichokosa ni mhariri wa kumlipa aende, na chombo cha kusimama naye atakapoulizwa amekuja kwa kibali cha nani. Mgeni wa wiki nane hawezi kuifanya kazi ya kurudi.

Niongeze jambo dogo, kwa kuwa linaniuma. Handeni hii hii, huko Chogo, wanaishi Wazigua waliokuja kutoka Somalia, wajukuu wa watu waliopelekwa huko utumwani katika karne ya 19, nao wamekihifadhi Kizigua chao hadi leo. Nani atawahoji vizuri kuliko kijana wa Sindeni? Tunangoja aje mtu na mkalimani.

Atakayesema mafunzo ya wageni hayajapata nafasi ya kutosha, atazame Rwanda. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Carleton, cha Ottawa nchini Kanada, kilianzisha mpango wa kupeleka wahadhiri na wanafunzi wake wa uandishi wa habari huko, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mjini Butare. Sababu yao ilikuwa nzito, maana waandishi wengi wa Rwanda waliuawa mwaka 1994. Sina shaka na nia yao, wala sisemi vijana wa Butare hawakujifunza kitu. Lakini Aprili 2010 magazeti ya Umuseso na Umuvugizi yalifungiwa kwa miezi sita, na Juni mwaka huo huo Jean-Léonard Rugambage, naibu mhariri wa Umuvugizi, alipigwa risasi akafa mjini Kigali. Darasa lilikuwapo. Gazeti la kuandikia ndilo lililokuwa limefungwa.

Na elimu yenyewe tusiipe sifa isiyo yake. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu mwaka 2003 watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ile, alikuwa profesa wa historia aliyesoma Ufaransa. Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria. Kama shahada ndiyo inayofanya chombo cha habari kiwe chema, RTLM ingekuwa redio bora Afrika Mashariki.

Tanzania tumeigeuza imani hii kuwa sheria. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake, mtu asiye na stashahada hatambuliwi kuwa mwandishi. Mwanakijiji aliyeitumikia redio ya jamii kwa miaka mingi anaambiwa alichokuwa akifanya sicho. Tumelinda karatasi, mwandishi tumemwacha bila ulinzi. Azory Gwanda aliliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti kama mwandishi wa kujitegemea, na aliandika kuhusu mauaji yaliyokuwa yakiendelea huko. Alitoweka Novemba 21, 2017, na hadi leo familia yake haijamwona. Ni somo gani alilokosa Azory? Mwalimu gani, kutoka chuo gani, angemfundisha namna ya kutotoweka?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa waandishi wetu wanapokea bahasha, na wanachapa taarifa ya afisa habari neno kwa neno. Ni kweli, na ni aibu. Lakini muulize anayepokea bahasha kuhusu maadili, atakutajia kifungu kwa kifungu, kwa sababu ameshahudhuria semina za maadili, tena zenyewe zikimlipa posho. Anachukua kwa sababu aliyemwalika amemlipia nauli na chakula, na chombo chake hakikulipa kitu. Mlipe kwa kazi aliyoifanya, kisha akipokea bahasha mfukuze. Leo tunamkanya mtu tusiyemlipa, halafu tunashangaa anamsikiliza anayemlipa.

Nitaambiwa pia kwamba nawachukia wageni. Hapana. Mwaka 1970 Nyerere alimkabidhi Frene Ginwala, mwana wa Afrika Kusini, uhariri wa gazeti la The Standard. Alikaa kwenye kiti, akabeba lawama za kiti, na mwaka 1971 akaondolewa baada ya tahariri iliyomshambulia Rais Nimeiry wa Sudan. Huyo alikuwa mgeni aliyefanya kazi na kulipa gharama yake hapa hapa. Anayekuja wiki nane na kurudi na picha za darasa halipi chochote kwetu. Sisi ndio tunaobaki na gharama, maana wafadhili wameshaandika kwenye ripoti kwamba waandishi wa Tanga wamejengewa uwezo.

Mhariri wa Dar es Salaam asijifiche nyuma ya imani hii. Wala mmiliki wa redio anayewatumia vijana kwa ahadi ya jina lao kutajwa hewani, wala halmashauri inayofungia kabatini taarifa ambazo kisheria zinapaswa kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji kila miezi mitatu. Wote hawa wanapata ahueni tunapokubaliana kwamba tatizo ni mwandishi kutokusoma.

Wanafunzi wa ng'ambo wanaotaka kweli kusaidia wana kazi, na iko kwao. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Raia wa Tanzania tu. Mwanafunzi mgeni hata akija Handeni haruhusiwi kuitumia. Lakini sheria ya uhuru wa taarifa ya Ujerumani, inayotumika tangu 2006, inampa haki kila mtu, na serikali ya Ujerumani imetoa fedha nyingi kwa uhifadhi wa Serengeti, jirani ya Ngorongoro, na kabla ya hapo ilikuwa mfadhili mkuu wa mpango wa maendeleo vijijini wa Tanga, TIRDEP, tangu miaka ya 1970. Mikataba, ripoti za wakaguzi na barua za balozi ziko Berlin na Bonn. Basi fedha walizochanga kwa ajili ya tiketi za ndege wazitumie huko, waombe nyaraka hizo na wazitume Handeni. Nasi huku mwandishi wa Sindeni awe ameshapeleka barua yake ya maombi kwa mkurugenzi, na nauli ya kufuata jibu siku ya 30 iwe imelipwa na mhariri wake.