Tupime Kwanza, Ndipo Tuihukumu Kompyuta

Ipo desturi moja katika ofisi na shule zetu ambayo yafaa ikomeshwe. Kompyuta ya mezani ikianza kuzorota, huitwa fundi. Fundi huitazama kwa dakika chache, kisha hutoa hukumu kwamba imezeeka. Mashine hupelekwa stoo, na fedha za kununulia nyingine zikaanza kutafutwa. Kwa maoni yangu, hukumu nyingi za namna hii hutolewa bila ushahidi, nasi tunalipa gharama ya kosa ambalo pengine lingeondolewa kwa brashi ya rangi.

Ili tuelewane, yatupasa kwanza kujua prosesa ni kitu gani. Ni kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu zote za kompyuta. Kazi yake huongozwa na mapigo, kama vile wavuta makasia waongozwavyo na ngoma. Prosesa 4004 iliyotolewa na Intel mwaka 1971 ilifikia mapigo yapatayo 740,000 kwa sekunde. Prosesa ya leo iliyoandikwa gigahetsi 3 hupiga mapigo bilioni 3 katika muda huo huo.

Si kila upungufu wa mapigo ni ugonjwa. Prosesa za siku hizi zimeundwa zipunguze mwendo zisipokuwa na kazi, ili kuokoa umeme. Kwa hiyo anayeona gigahetsi 0.8 kwenye mashine isiyofanya lolote asishtuke. Aipe kazi nzito kwa dakika kumi, kisha atazame tena. Katika Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua ukurasa uonyeshao mwendo wa sasa na mwendo wa msingi. Ikiwa prosesa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na bado mwendo wake uko chini ya ule wa msingi, hapo ndipo pana jambo la kuchunguza.

Mtuhumiwa wa kwanza ni joto. Umeme wote uingiao katika prosesa, ambao kwa prosesa nyingi za mezani ni kama wati 65, hugeuka joto ndani ya kipande kisichozidi ukubwa wa stempu. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Mwaka 2001 jarida la Tom's Hardware lilionyesha jambo hili kwa kuondoa vipoza joto wakati kompyuta zinafanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikanusurika, lakini prosesa za Athlon zikaungua. Basi kuzorota huko ni kinga. Ni sawa na mtu mwenye busara apunguzaye hatua jua linapokuwa kali.

Kinacholeta joto hilo mara nyingi ni vumbi lililoziba mapezi ya kipoza joto, feni iliyokwama, au ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto kuwa umekauka. Hali ya chumba nayo ina sehemu yake. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 32, kikilinganishwa na chenye nyuzi 22, huiongezea prosesa karibu nyuzi 10 zile zile.

Mtuhumiwa wa pili ni mipangilio. Athlon XP 1800+ ya mwaka 2001 ilipaswa kwenda megahetsi 1,533, yaani 133 za ubao mama zikizidishwa kwa 11.5. Betri ndogo ya ubao ilipoisha nguvu, mipangilio iliweza kurudi kwenye 100, na prosesa ikaenda megahetsi 1,150 tu. Robo ya mwendo ilipotea, wala hapakuwa na kilichovunjika. Leo kosa la jinsi hiyo hutokea mtu awekapo mpango wa kubana umeme unaoizuia prosesa isifikie upeo wake, kisha akasahau.

Watakuwapo watakaosema kwamba muda wa fundi nao ni fedha. Ni kweli. Lakini kuchomoa waya wa umeme, kufungua kasha, kushika feni isizunguke, kupuliza vumbi na kupaka uji mpya ni kazi isiyozidi saa moja. Ikiwa haikusaidia, tumepoteza saa hiyo. Na iwapo mashine ni kuukuu kweli, vipimo vitasema hivyo, nasi tutanunua nyingine bila majuto.

Napendekeza basi kwamba kompyuta yoyote ya umma isiandikwe kuwa mbovu mpaka iwe na karatasi yenye mambo matatu: mwendo wake ikiwa kazini, joto lake wakati huo, na vipimo hivyo hivyo baada ya kusafishwa. Vijana wanaosomea ufundi wafundishwe kuijaza karatasi hiyo kabla ya kufundishwa kubadilisha vipuri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine mpya ikiwekwa katika chumba kile kile, chini ya meza ile ile, katika vumbi lile lile, nayo itapunguza mwendo kama ile tuliyoitupa. Wakati huo tutasema nayo imezeeka?