MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: LAKINI MWENYEJI NI NANI?



Kila siku malori na mabasi hupita Kagongwa yakitoka Isaka kwenda Kahama, na mengine huendelea hadi Rwanda na Burundi. Wasafiri hununua mchele wetu, hunywa soda, kisha huondoka. Ukiwauliza vijana wetu kwa nini mgeni halali hapa hata usiku mmoja, watakujibu kwamba huku hakuna cha kutazama. Wanyama wako Serengeti, na bahari iko Unguja. Sisi wa Haki na Amani hatukubaliani na jibu hilo. Tunaamini kwamba utalii wa utamaduni unaweza kuwafaa watu wa vijiji vyetu. Lakini tunasema pia kwamba usipowekewa misingi ya haki tangu mwanzo, utakuwa dhuluma nyingine yenye sura ya furaha.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mwalimu Nyerere aliwahi kuuita Mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania, na hakukosea. Tangu enzi ya ukoloni misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na ukataji wa kuni vikamaliza kilichobaki. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mradi huo haukufaulu kwa sababu ya miche ya kigeni. Ulifaulu uliporudi kwa wazee na kuuliza juu ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Mwaka ule zilihesabika hekta 600 hivi za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule. Watu waliodhaniwa hawajui kitu waliifufua nchi yao kwa elimu ya babu zao. Je, hicho si cha kutazama?

Tunayo mengine pia. Kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na Wasukuma kujenga makumbusho yao, yenye ngoma za watemi, viti vya enzi na habari za vyama vya Bagika na Bagalu. Mwezi Juni, majira ya Sikukuu ya Ekaristi, hufanyika pale mashindano ya Bulabo, na wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe yao juu mbele ya umati. Umati huo kwa sehemu kubwa ni Wasukuma wenyewe, waliokuja kushangilia cha kwao. Hilo ni fundisho la kwanza kwetu: ngoma inayopendwa na wenyewe ndiyo inayomvuta mgeni, ngoma inayochezwa kwa ajili ya mgeni tu hufa mgeni anapoondoka.

Fundisho la pili latoka kaskazini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii na Shirika la Maendeleo la Uholanzi walivisaidia vijiji kama Longido, Ng'iresi na Mto wa Mbu kupokea wageni. Ada iligawanywa wazi: ya kiongozi wa msafara, ya mama aliyepika, na mchango wa kijiji kwa kazi za wote, kama shule. Mgeni alijua alicholipia, na mwanakijiji alijua kilichopokelewa.

Linganisheni na dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, jirani yetu, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Kwa miaka kumi na miwili wengi walipanga maisha yao wakiutazama mgodi. Dhahabu huisha, wala mwanakijiji hana sauti juu ya bei yake. Ngitili huota tena kila masika, na hadithi ya bibi haipungui kwa kusimuliwa. Lakini hata mali hii yaweza kuporwa, ikiwa mwenyekiti na rafiki zake ndio watakaopokea ada, na wachezaji watapewa chakula cha mchana tu.

Hapa imetupasa kusema ukweli unaouma. Katika nchi yetu hii vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, baada ya miaka mingi ya kutupikia. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama. Tutamkaribishaje mgeni asikilize hekima ya wazee, wakati bibi wa nyumba ya pili analala kwa hofu? Hatuwezi kuuza utamaduni wa mdomoni huku tukiua walioutunza. Wengine watasema mambo haya yafichwe, yataharibu sifa yetu. Sisi tunasema kijiji kitakachowalinda wazee wake ndicho chenye haki ya kuonyesha mila zake. Na mila isiyostahimili kuonekana mchana, na iachwe.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Mpango wowote upelekwe kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na ngitili isitolewe kwa mwekezaji bila wanakijiji kufuata taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani. Wanawake walipwe mikononi mwao wenyewe. Watoto wasitolewe shuleni kwenda kucheza ngoma, wala mtu asipigwe picha bila ridhaa yake. Tena tuanze kidogo, na wageni wa karibu: wanafunzi, wanakwaya, wasafiri wa barabara yetu.

Wahenga waliposema mwenyeji apone, hawakumaanisha tajiri mmoja wa kijiji. Mama anayekoboa mpunga, mchungaji wa ng'ombe na bibi mwenye macho mekundu ndio wenyeji. Wasipopona hao, mgeni amekuja bure.

Maswali ya kujadili katika jumuiya zetu:
1. Ni nani katika kijiji chetu anayejua historia yetu, na mara ya mwisho tulimsikiliza lini?
2. Je, wazee wa jumuiya yetu wanaishi bila hofu? Kama sivyo, tutafanya nini wiki hii?
3. Fedha ya wageni ikija, tutahakikishaje kwamba kila mtu anajua ilikokwenda?