Hiyo Picha Siyo Mtwara

Wadau, kuna tabia mtandaoni: kila picha ya zamani ya ndege kando ya minazi ya kusini, mtu anaiandika "Mtwara". Mimi nabisha.

Kwanza tazameni mwaka. Mtwara kama mji ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Kabla ya hapo makao ya wilaya yalikuwa Mikindani. Ukiambiwa "Mtwara, 1930", uliza maswali.

Halafu maji. Kutoka juu Mtwara haijifichi: rasi ya Msangamkuu imelala mbele ya bandari. Mikindani ni ghuba iliyojikunja, mlango wake mwembamba. Lindi ina mdomo mpana wa mto Lukuledi, na kiwanja chake cha Kikwetu kiko mbali na mji, kaskazini. Kama hakuna bahari kabisa, ila mashamba yaliyofyekwa kwa trekta mpaka macho yanachoka, fikiria Nachingwea. Ukiona na reli, umepata hadi miaka: iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kinachoniuma ni kwamba majina haya wanayabandika watu walioko Ulaya, ambao Shangani hawajaikanyaga, huku wazee waliobeba mizigo ya Dakota za East African Airways wakizidi kupungua. Halmashauri ina ofisa utamaduni, siyo? Apewe picha hizo na baiskeli, azunguke nazo Chikongola na Mikindani mwaka huu huu, awaulize.