Pesa iende kwenye uso wa meza, si kwenye miguu

Seremala mmoja kijana wa Kiwengwa alipata kazi ya milango 16 ya makabati ya jikoni, ya nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa karibu na pwani. Malipo nusu mwanzo, nusu baada ya milango kufungwa. Kwa randa, patasi na msumeno wa mkono, kazi hiyo ingemla zaidi ya mwezi. Mkewe akavunja kibubu chake, fedha alizoweka kidogo kidogo kutokana na mwani na cherehani, wakanunua rauta.

Rauta hiyo si ile ya intaneti. Ni mashine ya umeme inayoshikwa mkononi, yenye jino linalozunguka, kwa mashine nyingi, mara 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. Inachimba mifereji, inakata ndimi za kuunganishia mbao na inapamba kingo. Ikitumiwa kwa mkono, fundi huipitisha mashine juu ya ubao. Ikifungwa kichwa chini, chini ya meza yenye tundu, jino huchomoza juu na fundi huupitisha ubao kwenye jino. Milango 16 ina vipande vya fremu 64, vingi vyembamba. Kwa vipande kama hivyo meza ni salama zaidi, na ndiyo inayovifanya vyote vifanane. Meza za kununua zipo lakini si rahisi kuzipata kisiwani, kwa hiyo mafundi wengi hujitengenezea.

Kijana aliitengeneza yake kwa siku moja. Miguu aliichonga kwa mkongo, mbao nzito ya bei, aliyoisafisha kwa msasa mpaka ikang'ara. Uso alikata kipande cha MDF kutoka kaunta kuukuu iliyong'olewa hotelini, alichopewa bure. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Milango ya mwanzo ilikaa sawasawa.

Masika yakaingia. Kufikia Aprili, paneli zilianza kugota kwenye mifereji na pembe za fremu hazifungi. Kijana alinoa jino, akanunua jingine, akabadilisha gundi. Milango sita ilirudishwa. Ndipo akamwita ami yake, seremala mzee aliyekwisha kuacha kazi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nipe rula ndefu."

Mzee aliilaza rula ya chuma juu ya meza, akainama na kutazama kutokea upande wa pili. Mwanga ulipita chini ya rula, katikati, pale mashine iliponing'inia.

"Miguu umeipa mkongo, uso umeupa takataka," alisema.

"Lakini ami, ile MDF ilikuwa imenyooka."

"Ilinyooka Januari."

Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Rauta ina uzito wa kilo kadhaa na huning'inia katikati ya meza siku zote. Uso ukilegea, katikati hufanya bonde dogo. Ncha za ubao zinaingia bondeni na kuchimbwa kwa kina kinachotakiwa, lakini sehemu ya kati hupita juu ya bonde kama daraja, na mfereji wake unakuwa mfupi. Milimita moja tu inatosha kuizuia paneli isiingie. Jino halina kosa wala gundi haina kosa. Meza ndiyo inayosema uongo.

Kwa hiyo, anayetaka kujitengenezea meza ya rauta asianze kwa kuuliza mbao gani ni ngumu au nzuri. Aulize ni kitu gani kitabaki kimenyooka hapa pwani, kaskazi, masika na kusi.

Mbao ya mti mzima ndiyo inayomjia kila mtu kwanza, na Unguja mafundi wanaijua vyema: mninga, mvule, msaji, mkongo. Kwa milango na vitanda hazina mfano. Kwa uso wa meza hii zina tabu moja. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kupanuka kwa upana wake, kisha hurudi hewa ikikauka. Kwa urefu haibadiliki sana. Ndiyo sababu paneli ya mlango wa kabati haitiwi gundi ndani ya mfereji: inaachiwa nafasi ya kupumua. Uso wa meza ya rauta hauna nafasi hiyo. Mninga hutulia kuliko mbao nyingi, lakini hata huo, ukiungwa vipande vipande kufikia upana wa sentimita 60, hauna dhamana ya kubaki sawa mwaka mzima. Bora ubaki kwa kazi ya mteja.

MDF ni unga wa nyuzi za mbao uliogandamizwa kwa gundi. Mpya inatoka kiwandani imenyooka na laini, nayo haina mishipa ya kupanuka upande mmoja. Mafundi wengi duniani huitumia kwa kazi hii. Adui yake ni maji. Ukingo uliokatwa, na hasa tundu la kati, hunywa unyevu na kuvimba, na ikishavimba hairudi. Shiti nzima ya futi nane kwa nne, unene wa milimita 18, ina uzito wa karibu kilo 40, kwa hiyo hata kwa uzito wake yenyewe hulegea ikikosa mihimili chini. Ipo aina inayohimili unyevu, mara nyingi ya rangi ya kijani kwa ndani. Anayeamua kutumia MDF achukue hiyo, mpya, na azibe kila upande pamoja na ndani ya tundu. Kipande cha kaunta ya zamani kimeshakunywa chai ya watu na maji ya deki, na hakuna anayejua kimebakiwa na nguvu kiasi gani.

Plaiwudi ina tabaka zilizopishana: moja mishipa yake inaelekea huku, inayofuata inaelekea kule, kila moja inamzuia mwenzake kupanuka. Kwa hewa ya Kiwengwa hiyo ni faida kubwa. Tatizo ni kwamba shiti za bei nafuu zinaweza kuwa na mashimo ndani, na nyingine zimepinda tokea dukani kwa sababu ziliegemezwa ukutani miezi. Ile nyeusi inayong'aa, wanayoiita marini, inayotumika kumwagia zege, ina gundi inayostahimili maji na uso wa kuteleza. Nayo inafaa, mradi iwe mpya na ichaguliwe kwa macho.

Ami alimfundisha kijana kuchagua dukani bila ya kifaa chochote cha gharama. Kwanza, omba shiti ilazwe, kisha vuta uzi kutoka pembe hadi pembe na utazame kama unagusa kote. Pili, tazama kingo nne: tabaka zinazoachana au tundu linaloonekana ukingoni ni ishara ya matundu mengine ndani. Tatu, gonga kwa kifundo cha kidole; mlio ukibadilika ghafla, pana uwazi. Muuza duka anayekataa shiti yake isikaguliwe, muage kwa heri.

Si lazima kununua shiti nzima wala kuipandisha juu ya daladala ya 117 hadi Kiwengwa. Nusu shiti, sentimita 122 kwa 122, inatosha. Ikatwe hapo hapo dukani. Inatoa vipande viwili vya sentimita 80 kwa 60, vya kubandikwa pamoja kwa gundi vikawa uso mmoja wa milimita 36. Ukanda unaobaki unatoa vipande vitatu vya sentimita 80 kwa 12: viwili vinaunganishwa kwa umbo la pembe mraba kuwa ubao wa kuongozea kazi, na cha tatu kinakuwa mhimili wa chini.

Juu ya uso ibandikwe fomeka, ili mbao iteleze na jasho la mikono lisiingie. Hapa wengi hukosea: hubandika juu tu. Upande wa juu ukizibwa na wa chini ukaachwa wazi, unyevu huingia kwa chini, na meza hupinda kama samaki anayekaushwa juani. Fomeka ya juu idai mwenzake wa chini. Asiyeweza, apake upande wa chini vanishi mara tatu, na ndani ya tundu vilevile.

Mashine yenyewe hushikiliwa na bamba linalokaa kwenye tundu. Alumini ya milimita 6 inafaa: haipati kutu nyekundu na haipindi kwa uzito wa rauta. Chuma cha kawaida kwa hewa ya chumvi hushika kutu haraka, na kutu hiyo huchafua mbao nyeupe. Plastiki laini, hata iwe nene, hulegea taratibu kwa uzito na joto la mashine. Skrubu na bolti ziwe za stenlesi au zilizopakwa zinki.

Ubao wa kuongozea kazi hauhitaji reli za gharama. Ncha moja ifungwe kwa bolti moja iwe inazunguka, ncha ya pili ibanwe kwa kibano. Si lazima uwe sambamba na ukingo wa meza, kwa sababu kinachohesabiwa ni umbali wake kutoka kwenye jino. Kinachotakiwa ni kwamba uwe umenyooka na usimame mraba juu ya meza.

Na miguu? Paini ya kawaida, mbili kwa nne, iliyokauka, yenye mihimili ya kuizuia isiyumbe. Kimo kiwe cha kiunoni mwa anayefanya kazi. Ile ya mkongo ya kijana ilibaki, maana ilikwishalipiwa.

Mkewe alikuwa kimya muda wote, anamenya muhogo barazani. Alipoona hesabu imekaribia kufungwa, aliuliza.

"Ami, na huyu mtoto akija kuchezea?"

Mzee aliitazama mashine iliyofungwa chini ya meza. Swichi yake ilikuwa huko huko chini. Ili kuizima, ilibidi fundi ainame na kupeleka mkono karibu na jino.

"Hilo ndilo nilipaswa kuanza nalo," alijibu.

Swichi ya meza iwe mbele, mahali goti linaweza kuigonga. Na iwe ya aina ambayo umeme ukikatika hujizima, na ukirudi haiwaki mpaka ibonyezwe tena. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa kuhusu kukatika kwa umeme. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu gizani baada ya hitilafu ya njia ya umeme wa chini ya bahari kutoka Bara. Lakini hata kukatika kwa dakika tano kunatosha. Fundi anaweka mkono kusafisha vumbi, umeme unarudi, na mashine inaamka mkono ukiwa juu ya jino. Kila jino linapobadilishwa, plagi itoke ukutani. Ukimaliza kazi, plagi itoke na meza ifunikwe.

Ubao usukumwe kutoka kulia kwenda kushoto, ukiwa kati ya fundi na ubao wa kuongozea. Usipitishwe kamwe kwenye uwazi ulio kati ya jino na ubao wa kuongozea, kwani jino litaurusha. Kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti, si kwa vidole. Kanzu, kanga na mtandio vikae mbali.

Kisha vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na pua, na la MDF lina gundi ndani yake. Meza isiwekwe karibu na jiko wala chini ya kamba ya kuanikia nguo za watoto. Fundi avae barakoa inayobana na miwani, na unga ukusanywe kwa kitambaa chenye unyevu, usifagiliwe hewani.

Kijana aliirudia milango sita kwa mbao zake mwenyewe. Nusu ya pili ya malipo ilikuja mwezi mmoja baadaye, na sehemu kubwa ikaishia kufidia mbao. Meza mpya haikumgharimu hata thamani ya milango miwili aliyoirudia. Kibubu bado hakijajaa.

Kwa nyumba ambayo fedha haitoshi kununua vyote kwa pamoja, mpango wa ami ni huu: kwanza swichi, pili plaiwudi nzuri, tatu bamba la alumini. Fomeka inaweza kungoja mwezi, mradi uso na chini vipakwe vanishi. Miguu iwe ya chochote kisichoyumba. Hata meza ya zamani ya skuli yaweza kubeba uso mpya.

Na rula ndefu itundikwe karibu. Mwanzo wa masika na mwanzo wa kusi, ilazwe juu ya meza kabla ya mbao ya mteja kuguswa.