Anayechangia Gharama na Achangie Uamuzi

Mwezi wa Septemba 2024 mzazi mmoja, mkulima wa viazi kutoka upande wa Elburgon, alinijia katika chumba cha walimu akiwa na barua iliyokunjwa mara nne. Ilitoka katika chuo kikuu ambako binti yake alikuwa ameitwa kusoma. Hakutaka nimsomee, kusoma anajua. Alichotaka kujua ni nani aliyempima akamweka katika kundi la wazazi wenye uwezo, ilhali mvua ya mawe ilikuwa imemwachia nusu ya mazao yake. “Mwalimu,” akaniuliza, “hao watu hukutania wapi, niende niwaone?” Nilimwelekeza kwenye utaratibu wa rufani, ambao hujazwa kwa mtandao. Lakini hilo silo aliloniuliza.

Kila masomo yanapokatizwa katika vyuo vyetu vya umma, mjadala huwa ni wa kiasi cha fedha: Hazina ya Taifa imetoa ngapi, deni limefika wapi, wahadhiri wanadai nini. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo naona swali la yule mkulima linayatangulia hayo yote. Fedha hizo, ziwe nyingi au haba, huamuliwa na nani, na katika chumba gani?

Sisi wa Nakuru tuna mfano mlangoni petu. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, kwa ardhi iliyotolewa na Lord Maurice Egerton. Mwaka 1950 kikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1987 Bunge likakipa hadhi ya chuo kikuu kamili. Laikipia, Kisii na Chuka, ambavyo leo ni vyuo vikuu vinavyojitegemea, vilianza vikiwa chini ya mbawa zake. Chuo chenye uzao kama huo ndicho kilichofika mahali pa kuwalipa wafanyakazi wake asilimia 60 ya mishahara katika kipindi cha korona, na mwaka 2021 wahadhiri wakagoma wakidai mshahara kamili. Mji wa Njoro huujua mgomo kabla haujaandikwa gazetini. Vyumba vya kupangisha hubaki na kufuli, akina mama wauza mboga hufungasha mapema, na matatu husimama kituoni zikingoja abiria wasiokuja.

Halikuwa jambo la Egerton peke yake. Kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba 2025, siku 49, vyuo vikuu vya umma nchi nzima vililala kwa sababu ya shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Yaani mwanafunzi aliyekuwa darasa la tano mkataba huo ulipoanza ndiye aliyepoteza muhula kwa kuwa haujatimizwa.

Chanzo cha ufukara huu si fumbo. Karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka ilikaa palepale kwa zaidi ya miongo miwili huku bei ya kila kitu ikipanda. Pengo likazibwa na wanafunzi wa kujilipia, mpango ulioanzia Nairobi mwaka 1998, na vyuo vikajenga na kuajiri kana kwamba kisima hicho hakina mwisho. Kisha mtihani wa KCSE wa mwaka 2016 ukasimamiwa kwa ukali, na waliopata alama ya C+ na zaidi wakawa 88,929. Nafasi za ufadhili wa serikali ziliwatosha, na baadhi yao wakapelekwa katika vyuo vya kibinafsi. Kisima kikakauka. Serikali iliahidi kubeba asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi, haikufika hapo. Mwaka 2023 ukaja mfumo mwingine wa kuwagawa wanafunzi katika makundi, ambao baadaye ulizitaka familia zilipe kuanzia asilimia 5 hadi asilimia 40 ya gharama. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Desemba 2024, nayo serikali ikakata rufani.

Tazama basi ni nani aliyelibeba pengo hilo miaka yote. Mhadhiri amelibeba kwa mshahara uliokatwa, na kwa makato ya pensheni na ushirika ambayo hayakufika yalikopelekwa. Mwanafunzi amelibeba kwa mwaka wa ziada. Mzazi ameuza ng'ombe. Hawa ndio wafadhili wa kweli wa vyuo vyetu, ingawa hakuna aliyewauliza kama wako tayari kufadhili.

Sasa tufungue Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kifungu cha 36, kinachoeleza wanaoketi katika Baraza la chuo cha umma. Yupo mwenyekiti, wapo makatibu wa wizara mbili, ya elimu na ya fedha, wapo wajumbe watano wanaoteuliwa na Waziri, na Naibu Chansela kwa wadhifa wake. Jumla ni tisa. Mhadhiri aliyechaguliwa na wenzake hayumo, mfanyakazi wa maktaba au wa shamba hayumo, mwanafunzi hayumo. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa tena, na wanafunzi wakaondolewa hata haki ya kuwapigia kura moja kwa moja viongozi wa chama chao. Siku hizi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio huchagua viongozi.

Sisemi kwamba zamani tulikuwa peponi. Rais wa nchi alikuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, na wahadhiri walipogoma mwaka 1993 wakitaka chama chao cha UASU kisajiliwe, walinyimwa; kilisajiliwa mwaka 2003. Wako watakaosema pia kwamba baraza dogo hukata shauri haraka, na kwamba mhadhiri hawezi kuketi akijipangia mshahara wake mwenyewe. Hoja hii ya pili ina uzito. Lakini mfugaji wa Molo anayepeleka lita tano za maziwa kwenye chama cha ushirika husimama katika mkutano mkuu wa mwaka, akauliza kwa nini gari la chama limekarabatiwa mara tatu, na akawapigia kura wanakamati. Hakuna anayemwambia kwamba hafai kwa kuwa maziwa ni yake. Mgongano wa maslahi una dawa yake: mwenye maslahi hutoka nje jambo lake linapojadiliwa.

Jirani zetu wa Uganda hawakuliogopa jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2001 inawapa walimu, wafanyakazi na wanafunzi viti katika baraza la chuo cha umma. Ni kweli kwamba viti havizai fedha: Makerere ilifungwa kwa amri ya Rais mwezi Novemba 2016 kufuatia mgomo wa wahadhiri waliodai marupurupu. Atakayeniambia kwamba uwakilishi pekee hautalipa deni la Egerton, sitabishana naye. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mtu akishirikishwa katika hesabu huijua njaa inapoanza kuingia, wala haigundui siku mshahara wake unapofika pungufu.

Na katika bonde letu hili tumewahi kuona mwisho wa watu kufanya kazi bila malipo. Kenya ilikuwa ikiongoza duniani kwa pareto, na makao ya Bodi ya Pareto yalikuwa hapa Nakuru. Wakulima walipeleka maua wakangoja malipo miaka nenda miaka rudi. Wengi hawakuandamana; waling'oa mimea wakapanda viazi, na baba wa mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wao. Mhadhiri bingwa wa mbegu au wa magonjwa ya mifugo naye anaweza kung'oka kimyakimya, akaenda Rwanda au Afrika Kusini, na nafasi yake isijazwe na mtu wa kiwango chake kwa miaka kumi.

Wabunge wetu wa Nakuru wanaweza kuupeleka Bungeni mswada wa kukirekebisha kifungu cha 36, ili wahadhiri, wafanyakazi wengine na wanafunzi wapate viti kwa kura ya siri. Hilo litachukua muda. Lipo jambo lisilohitaji mswada wowote. Baraza linaweza kufika Njoro mara moja kila mwaka, kabla ya makadirio ya matumizi kupitishwa, likaketi katika ukumbi mbele ya wafanyakazi, wanafunzi na wazazi watakaopenda kuja, likasoma mapato, matumizi na madeni kwa lugha inayoeleweka, kisha likapokea maswali. Tarehe itangazwe mapema. Kutoka Elburgon si mbali, na namjua mtu mmoja atakayepanda matatu ya kwanza.