Anayecheka Kanisani Bado Yumo Kanisani

MPAKANI, na Nekesa Ojiambo

Historia ya dini katika ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia fuo za Ziwa Viktoria hadi miteremko ya Mlima Elgon, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu walioondoka. Yohana Owalo aliziacha misheni akaanzisha kanisa la Nomiya. Alfayo Odongo Mango, Mwanglikana, aliuawa nyumba yake ilipochomwa moto huko Musanda mwaka 1934, na waliomfuata wakaunda makanisa ya Roho. Elijah Masinde alitoka kwa Marafiki, wale Wakweka, akaongoza Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, mwaka uleule polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi. Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudensia Aoko wakajitenga na Wakatoliki, Legio Maria ikazaliwa. Kwa urithi huo tumezoea kudhani kwamba mwenye shaka ana mawili tu: anyamaze, au afungashe akafungue kanisa lake. Yuko wa tatu ambaye hatumpi heshima yake. Huyu hubaki kwenye benchi lilelile, huimba tenzi zilezile, na shaka yake huitoa kwa mzaha.

Mtazame katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi bado wanaliita la Wamormoni ingawa tangu mwaka 2018 viongozi wake wamesisitiza jina kamili. Kenya ilisajili kanisa hili mwaka 1991, na Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, aliteuliwa mwaka 2009 kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika safu ya viongozi wakuu wake. Linawakataza waumini wake pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mtu wa Busia au Tororo anaelewa mara moja uzito wa sharti hilo. Mgeni hukaribishwa kwa chai. Kwa Wateso, wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kimea cha wimbi kikikolea. Kukataa mrija ni kukataa kuketi na watu.

Sasa mpe muumini mwenye shaka kikombe matangani. Atasema hanywi chai, ila mkimletea maji ya moto yenye majani ndani hatauliza yameitwaje. Watu watacheka, na pengine mwalimu wake wa Jumapili atanuna. Lakini mzaha huo umegusa penyewe. Ufunuo wa mwaka 1833 uliozaa sharti hili unataja vinywaji vya moto; ni viongozi waliokuja kufafanua kwamba maana yake ni chai na kahawa. Uji wa wimbi unatokota na unaruhusiwa. Anayeuliza kwa kicheko ni wapi hasa mstari umechorwa ameyasoma maandiko kwa makini kuliko anayeitikia tu, na anastahili kujibiwa.

Kicheko cha namna hii hakikuja na wamisionari. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wateso wa upande wa Kenya, aliandika kuhusu wanawake wanaocheka katikati ya taratibu za ndoa, taratibu zinazotangaza mamlaka ya wanaume juu yao. Hawazivunji. Wanazitimiza, na papo hapo kicheko chao kinaonyesha kwamba wameona yale ambayo sherehe ingependa yasionekane. Ninachokiona kwa muumini wetu ni kitu kilekile: utiifu wa mwili ukiandamana na akili isiyolala.

Wapo watakaosema huo ni woga, kwamba mtu mkweli husimama akasema siamini, akatoka. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa nje. Kanisa mpakani ndilo linalokuzika, linalokutazamia mgonjwa wako, linalokujua kwa jina. Tena katika kanisa hili kiongozi wa tawi halipwi mshahara. Ni jirani yako, huenda ni mteja wako sokoni. Kumkabili hadharani ni kuvunja ujirani, na kumtania ni kumwambia ukweli kwa namna ambayo kesho mtasalimiana. Mimi nauita huo uvumilivu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzaha hupunguza hasira tu, na mambo yakabaki yalivyo. Lina ukweli. Tangu mwaka 1852 kanisa hili liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na hakuna utani ulioliondoa katazo hilo. Liliondolewa Juni 1978 chini ya rais wa kanisa, Spencer Kimball, miaka mitano baada ya muumini mmoja, Lester Bush, kuchapisha utafiti mrefu juu ya chimbuko lake. Hoja za maandishi zilikuwa na kazi yake. Lakini Bush aliuliza akiwa ndani, na ni nani anayebaki ndani miaka mingi akiwa na swali zito kama hana mahali pa kupumulia? Ndugu mkubwa wa baba yake Kimball huyohuyo, J. Golden Kimball, alitukana na kuchekesha mimbarani, na bado alidumu katika uongozi tangu 1892 hadi alipofariki mwaka 1938. Taasisi inayoweza kumbeba mtu kama huyo imejionyesha kuwa na nguvu.

Kuna pia wanaohofia kwamba utakatifu utavunjwa: leo wanatania chai, kesho watamtania Mungu. Hofu hiyo naiheshimu, maana ipo mizaha ya dharau inayomlenga muumini mnyonge badala ya kanuni. Lakini tukumbuke kimya kimetufikisha wapi. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi la Amri Kumi walizuiwa kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Huko Shakahola, pwani ya Kenya, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa mwaka 2023. Silinganishi kanisa lolote la Busia na maafa hayo. Nasema tu kwamba huko kote hakuna aliyeruhusiwa kumcheka kiongozi.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Watakatifu wa Siku za Mwisho hufunga, na yeyote anaweza kwenda mimbarani kushuhudia. Wengi husema wanajua kwamba kanisa ni la kweli. Maandiko yao wenyewe, katika Mafundisho na Maagano sehemu ya 46, yanasema wengine wamepewa kujua na wengine kuamini maneno ya hao wanaojua. Viongozi wa matawi wangeweza kuanzia hapo: wamwache mtu apande na kusema bado anatafuta, bila kuitwa ofisini Jumapili inayofuata.