Habari za mgonjwa ni amana: Somo la programu za simu wakati wa maradhi

MWAKA 1997 mji wa Ifakara, wilayani Kilombero, ulipatwa na kipindupindu. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na hospitali ya mji huo hawakuwa na simu janja ya kuwaonyesha ugonjwa umepita njia gani. Walichokuwa nacho ni maswali. Waliwachukua wagonjwa 180 wa mwanzo, wakawalinganisha na watu 360 ambao hawakuugua, wakauliza kila mmoja alioga wapi, maji yalitekwa umbali gani na chakula kilikuwa kipi. Majibu yalielekeza kwenye mambo matatu: kuoga mtoni, kuwa mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Vimelea vya ugonjwa vikakutwa pia katika chanzo kikuu cha maji ya mji.

Ndugu msomaji, habari hii ina umri wa karibu miaka 30, lakini inagusa moja kwa moja mjadala ambao dunia imeufanya tangu mwaka 2020: je, simu ya mkononi yaweza kutufuatilia waliotangamana na mgonjwa, na ikiwa yaweza, nani ana haki ya kuyajua yaliyomo ndani yake? Wagonjwa wa Ifakara waliwaeleza wageni habari za kuoga kwao na za majiko yao. Mtu hasemi mambo kama hayo ila kwa yule anayemwamini kwamba maneno yake hayatamrudia kama fedheha au adhabu. Imani hiyo ndiyo mtaji wa kazi yote ya kuzuia maambukizi, na hoja ya makala hii ni kwamba mtaji huo ukishaliwa, hakuna programu ya simu itakayoweza kuurudisha.

Simu inavyofuatilia

Ulipoingia Uviko-19, wataalamu walitambua udhaifu mmoja wa njia ya maswali: mgonjwa aliyepanda basi hawezi kuwataja abiria asiowajua. Hapo simu ikaonekana kuwa shahidi mwema. Aprili 2020 kampuni za Apple na Google, ambazo kwa kawaida ni mahasimu wa biashara, zilitangaza mfumo wa pamoja. Simu mbili zenye programu hiyo zikikaribiana, hupeana kwa mawimbi ya Bluetooth namba za siri zinazobadilika kila baada ya dakika chache. Kila simu huzihifadhi namba ilizopokea kwa muda wa wiki mbili hivi. Mmoja akipimwa na kukutwa na ugonjwa, na akiridhia, namba zake hutangazwa, na simu zilizowahi kuzipokea huwatahadharisha wenyewe kwamba walikaa karibu na mgonjwa. Jina lake halitajwi, wala mahali walipokutana.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti, ya kupeleka habari zote kwenye hazina moja ya serikali. Njia hii humwezesha ofisa wa afya kumpigia mtu simu moja kwa moja, lakini huyaweka maisha ya wananchi wote katika sanduku moja. Qatar iliifanya programu yake ya Ehteraz kuwa ya lazima Mei 2020. Mwezi huohuo shirika la Amnesty International lilitangaza kugundua udhaifu ambao ungeweza kufichua habari za watu zaidi ya milioni moja, na udhaifu huo ukarekebishwa. Waislamu waliokwenda Umra ilipofunguliwa tena Oktoba 2020 nao waliomba vibali vyao kwa programu ya simu. Kwa muda mfupi, chombo kilichobuniwa kwa mawasiliano kikawa mlango wa kupitia sokoni, kazini na hata kwenye ibada.

Manufaa na jeraha

Haifai kukanusha manufaa yaliyothibiti. Programu ya England na Wales ilizinduliwa Septemba 2020. Watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature mwaka 2021 walikadiria kwamba hadi mwisho wa Desemba 2020 ilizuia maambukizi kati ya 284,000 na 594,000, ingawa waliokuwa wakiitumia ni kiasi cha asilimia 28 tu ya watu. Huo ni uhai uliookolewa, na mwenye kuudharau hajui thamani ya nafsi moja.

Ama kuhusu jeraha, tuitazame Singapore. Programu yake ya TraceTogether ilizinduliwa Machi 2020, miongoni mwa za mwanzo duniani. Waziri alilieleza taifa kwamba habari zake zitatumika kwa kufuatilia maambukizi tu. Wananchi wakaitika kwa wingi. Januari 2021 Bunge la nchi hiyo likaambiwa kwamba polisi wanaweza kuzichukua habari hizo chini ya sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, na kwamba zilikwishatumika katika upelelezi wa kesi ya mauaji. Waziri aliyetoa ahadi ile alikiri kwamba hakuufikiria mwanya huo wa sheria. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kuubana, lakini hata hiyo ikawaachia polisi njia katika aina saba za makosa makubwa.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani kumkamata muuaji? Hapana ubaya. Ubaya upo katika ahadi. Aliyetoa habari zake kwa sharti moja akakuta zimetumika kwa shauri jingine, wakati mwingine ataiacha simu nyumbani, na maradhi yatapita pale simu isipo.

Katika mafundisho ya dini yetu jambo hili lina jina, nalo ni amana. Qur'ani Tukufu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza watu kupelelezana. Kumwuliza mgonjwa ili jirani yake aokoke ni kulinda nafsi. Kulichukua jibu lake na kulitumia kwa jambo asiloliridhia kunaigeuza kazi ya tiba kuwa upelelezi. Kadhalika mgonjwa naye ana wajibu: anayejua kwamba amewakaribia watu naye ana maradhi ya kuambukiza, kisha akanyamaza, amewadhulumu.

Tunakumbuka pia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (RA) katika mwaka wa 18 Hijria, alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, maamiri wa majeshi walikuja kumlaki wakamweleza bila kificho kwamba tauni imeingia nchini. Akashauriana na maswahaba, kisha akarejea na watu wake. Wengi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya uamuzi wa kurejea. Tusisahau kwamba uamuzi huo ulijengwa juu ya habari ya kweli, iliyoletwa mapema na watu wasioogopa kuisema.

Yaliyopita kwetu

Kwa upande wa Tanzania, takwimu za Uviko-19 zilitolewa hadi mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha utangazaji ukasimama hadi mwaka 2021. Programu ya kutahadharisha hutegemea vipimo na matokeo yanayotangazwa. Pasipo matokeo, simu zote za nchi hukaa kimya hata zikiwa na programu bora kuliko zote.

Mfumo wa simu uliotufikia kwa karibu ulihusu madereva wa malori. Mei 2020 malori yalisongamana Namanga kwa sababu ya mzozo wa vipimo kati ya Kenya na Tanzania. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kufuatilia madereva na mizigo, wenye programu ya kuwekwa katika simu ya dereva, ili majibu ya kipimo yatambuliwe na nchi wanachama na safari yake ijulikane. Ulikuwa na faida kwa biashara. Lakini dereva aliyetaka kuvuka mpaka hakuwa na uhuru mkubwa wa kuukataa.

Kisha ukaja ugonjwa wa Marburg. Mwaka 2023 mkoani Kagera waliugua watu 9, wakafariki 6. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wahisiwa wilayani Biharamulo, Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba upo. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 2025, waliohesabiwa kufa walikuwa 10. Mara zote mbili watu zaidi ya 200 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, na kazi hiyo iliwategemea wahudumu wa afya waliokwenda kuwaona na kuwauliza hali.

Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, na njia zake kubwa ni kumwuguza mgonjwa na kumwosha maiti. Simu haijui nani aliyeosha. Mwenye kuosha maiti huiacha simu nje ya chumba, na aliyepita barabarani kwa dakika 20 karibu na ukuta wa nyumba hiyo anaweza kuhesabiwa na Bluetooth kuwa ndiye aliye hatarini. Ni sawa na kipindupindu cha Ifakara: hakuna programu ambayo ingewataja samaki wakavu.

Bonde la Kilombero na simu zake

Tulirejeshe suala hili bondeni. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huacha nyumba zao vijijini zikahamia mashamba ya mbali, zikikaa katika madungu kwa wiki na miezi. Wakata miwa hutoka mikoa mingine kuja Kidatu. Treni ya TAZARA hushusha na kupakia abiria Ifakara na Mlimba, na daraja la Mto Kilombero limewaondolea wasafiri wa Ulanga na Malinyi kadhia ya kivuko. Hili ni bonde la watu wanaotembea, na ndilo ambalo mtaalamu angelitamani kulifuatilia kwa simu.

Lakini ni simu gani? Kitochi cha mkulima hakibebi programu hizo. Simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto wakubwa, na huenda ikashinda dukani inakochajiwa wakati mwenyewe yuko shambani. Mfumo utakaotegemea simu janja pekee utawaona wenye duka na watumishi wa ofisi, uwapite wale walio madunguni. Kisha takwimu zitasema kwamba bondeni ni salama.

Pamoja na hayo, bonde hili lina urithi wake wa kufuatilia afya. Tangu Septemba 1996 taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ilianza kuorodhesha kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, ikizirudia kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Huo nao ni ufuatiliaji, na ni mzito kuliko wa Bluetooth. Uliwezekana kwa sababu muulizaji hodi yake ilijulikana, na alirudi tena wakati hapakuwa na mlipuko wowote.

Masharti ya amana

Leo laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo namba ya simu nchini ni mtu mwenye jina. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inataka habari zikusanywe kwa lengo lililotajwa. Hata hivyo, sheria hiyo ina misamaha, ukiwemo wa usalama wa taifa na wa kuzuia au kugundua uhalifu. Huo ndio mwanya uliowakuta Singapore wakiwa wamekwishaahidi.

Kwa mintarafu hiyo, kabla haujaja mlipuko mwingine, yapo mambo ambayo wananchi na wawakilishi wao wanapaswa kuyadai. Kwanza, iandikwe katika sheria kwamba habari zilizotolewa kwa ajili ya maradhi hazitatoka nje ya maradhi. Pili, itajwe siku ya kuzifuta, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ithibitishe hadharani kwamba zimefutwa. Tatu, asinyimwe huduma mtu yeyote kwa kukosa simu janja. Nne, anayeambiwa akae ndani siku 21 wakati wa kupanda mpunga apewe msaada wa chakula kwa ajili ya watoto wake, kwani asipopewa atakwenda shamba, na tahadhari ya simu itakuwa imepotea bure. Tano, matokeo yatangazwe kwa wale waliotoa habari, kwa ukweli na kwa wakati.

Nasi wananchi tujiulize. Akija mhudumu wa afya na daftari au na simu, je, tutamwambia ukweli kuhusu tuliyemwuguza na maiti tuliyemwosha? Jibu la swali hilo linaandaliwa sasa, katika siku hizi za afya, kwa kila ahadi inayotimizwa na kila siri ya mgonjwa inayotunzwa zahanati. Siku ya mlipuko itatukuta na imani ile tu tuliyokwishaijenga.

Wabillahi tawfiq.